Darubini ya Mtumba Ina Umri Gani? Namna ya Kuupata kwenye Chuma, Kioo na Maandishi

Watengenezaji wengi wa darubini za macho mawili hawaandiki mwaka. Wanaandika jina lao, nguvu ya kukuza, upana wa lenzi, nchi, na namba ambayo mara nyingi wao wenyewe ndio wanaojua maana yake. Kwa hiyo darubini ya 12x50 (inakuza mara 12, lenzi ya mbele ni ya milimita 50) au 20x60 ikishuka Tanga pamoja na mizigo mingine ya mtumba, ikapita kwa dalali na kuishia kwenye kibanda cha Ngamiani, umri wake unabaki kuwa maneno ya muuzaji. Akiona inavutia kwa ukale, ataiita mali ya Mjerumani. Akiona inang'aa, ataiita mpya. Mnunuzi, awe nahodha wa jahazi, mwongoza wageni wa msitu wa Amani au mtu anayependa tu kutazama meli zikiingia bandarini, anatoa hela bila kujua kama amechukua kitu cha miaka 60 au cha miaka 6.

Kuujua umri si suala la fahari ya kumiliki kitu cha kale. Umri unakuambia kioo kina utando gani na kitapitisha mwanga kiasi gani wakati wa magharibi. Unakuambia kama fundi anaweza kuirudisha kwenye mstari ikianguka, yaani mirija yote miwili itazame sehemu moja, na kama nguvu iliyoandikwa ni ya kweli. Na unapatikana, mara nyingi kwa kukaribia ndani ya miaka kumi hivi, kwa vifaa vitatu: tochi ndogo, rula ya milimita, na lenzi ya fundi saa ya kusomea maandishi yaliyofifia.

Usitafute mwaka. Tafuta mipaka. Kila alama kwenye darubini inasema moja kati ya mambo mawili: hii haikutengenezwa kabla ya mwaka fulani, au haikutengenezwa baada ya mwaka fulani. Alama moja peke yake haitoshi, hata iwe wazi vipi. Ukizikusanya nne au tano, mpaka wa chini unapanda na mpaka wa juu unashuka mpaka vinakaribiana. Na alama moja ikigombana na zote zilizobaki, simama hapohapo: ama sehemu hiyo imebadilishwa, ama darubini yenyewe ni bandia.

Nchi iliyoandikwa

Soma nchi kwanza, kwa sababu majina ya nchi yana mwanzo na mwisho unaojulikana. Tafuta kwenye mabamba ya juu, pale lenzi za jicho zinapoanzia, kisha geuza darubini na uangalie chini ya bawaba na kwenye ncha ya mhimili upande wa lenzi za mbele. Maandishi ya sehemu hizo ni madogo sana na mara nyingi yamezibwa na rangi au uchafu. Usikwangue kwa kisu. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha mulika kwa tochi kutoka pembeni ili michongo itoe kivuli.

"DDR" au "German Democratic Republic" ni kati ya mwaka 1949 na Oktoba 1990, basi. "West Germany" na "Western Germany" zina mipaka hiyohiyo. "D.R.P." ni alama ya hataza ya dola ya Ujerumani ya zamani, iliyokoma mwaka 1945. Kiwanda cha Carl Zeiss kilianza kuuza darubini za prizimu (vipande vya kioo vinavyoupinda mwanga ndani ya mirija) mwaka 1894 mjini Jena, na baada ya vita kampuni iligawanyika: moja ikabaki Jena upande wa mashariki, nyingine ikaanzishwa Oberkochen upande wa magharibi. Zikagombania jina. Ndiyo sababu kuna darubini nzuri kabisa za Jena zilizopelekwa nchi za magharibi zikiwa zimeandikwa "aus JENA" tu, bila neno Zeiss. Ukiiona hiyo usidhani ni bandia. Mgawanyiko huo peke yake tayari unakuambia ni ya baada ya vita na ya kabla ya Wajerumani kuungana.

Kwa Japani, "Made in Occupied Japan" haivuki Aprili 1952, mwezi ambao ukaliaji wa Wamarekani ulimalizika. Darubini za namna hiyo si nyingi. Zilizo nyingi ni zile za miaka ya 1960 na 1970, zenye majina ya maduka ya Marekani na Ulaya lakini zimetoka viwanda vidogo vya Tokyo. Jina kubwa lililo juu ya bamba ni la duka. Aliyeitengeneza amejificha kwenye mhuri mdogo wa herufi JB na namba, uliogongwa karibu na bawaba.   Darubini mbili zenye majina tofauti kabisa zikiwa na JB moja, zimetoka mikono ileile. Na penye kibandiko kidogo cha dhahabu chenye umbo la yai kilichoandikwa "PASSED", hiyo ni alama ya ukaguzi wa Kijapani kabla ya kusafirishwa. Kibandiko hubanduka kirahisi, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa chochote.

Majina ya kampuni nayo yana mipaka. "Nippon Kogaku" haivuki mwaka 1988, mwaka kampuni hiyo ilipojiita rasmi Nikon. Jina Leitz kwenye darubini liliiachia nafasi jina Leica katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1980. Alama ya CE, inayotakiwa kwa bidhaa nyingi zinazouzwa Ulaya, ni ya kuanzia 1993. Anwani ya intaneti iliyochapwa kwenye boksi au mkoba ni ya miaka ya katikati ya 1990 kuja huku. Hii inaonekana dogo, lakini imewahi kumaliza mabishano mengi kuhusu darubini "ya vita".

Ya Kirusi: mwaka umeandikwa, ila umejificha

Katika darubini zote zenye nguvu kubwa, hii ndiyo inayomrahisishia kazi anayejua pa kuangalia. Chukua mfano wa 20x60 ya Urusi ya Kisovyeti, nzito, nyeusi, yenye mwili wa chuma uliovikwa reksini ngumu yenye chembechembe. Kwenye bamba moja utakuta herufi za Kirusi БПЦ, au BPC kwa zile za kuuzwa nje, kisha 20x60. Nyingine zina jina la biashara la nje, TENTO. Kuna nembo ndogo ya kiwanda: umbo la prizimu au lenzi lililopitwa na mshale wa mwanga. Kwenye bamba la pili kuna namba ya mfululizo.

Tarakimu mbili za mwanzo za namba hiyo ndizo mwaka. Namba 8407316 ni ya 1984. Namba 7122050 ni ya 1971. Huu ulikuwa utaratibu wa kawaida wa viwanda vya macho vya Kisovyeti, kwa darubini na kwa lenzi za kamera pia, na umefuatwa kwa miaka mingi. Sasa angalia kama alama nyingine zinakubaliana nao. Namba ikianza na 84 na bamba likasema "Made in USSR", sawa. Namba ikianza na 84 na bamba likasema "Made in Russia", hapana. Urusi ya peke yake ilianza kuandikwa baada ya Desemba 1991. Namba ikianza na 94 na bamba likasema USSR, tilia shaka.

Halafu mulika lenzi za mbele. Za Kisovyeti za miaka hiyo hurudisha rangi ya zambarau, samawati au kahawia ya asali. Zikirudisha nyekundu kali, hilo ni toleo la karibuni zaidi, la miaka ya 1990, au ni la mwigaji aliyeziandika herufi za Kirusi kwa sababu zinauza. Waigaji hao wapo wengi. Wanapenda kuandika nyota na nyundo na mundu kwa rangi, ilhali kiwandani mchongo huwa umechimbwa ndani ya chuma na kujazwa rangi nyeupe. Pitisha ukucha juu ya maandishi: mchongo wa kweli unaukwaruza ukucha, chapa ya rangi haikwaruzi.

Pale Kirusi na Kijerumani cha mashariki vinapogawana soko la bei nafuu, binafsi ningechukua ya Jena ya 10x50 kabla ya 20x60, hata ikiwa na umri mkubwa zaidi. 20x60 ina uwanja wa kuona wa nyuzi 3.5 tu na uzito wa kilo moja na zaidi. Mkononi, ukiwa kwenye chombo kinachoyumba mbele ya Raskazone, picha inaruka na hutasoma hata jina la meli. Hiyo ni kazi ya tripodi, nchi kavu.

Kioo kinasema zaidi kuliko bamba

Maandishi yanaweza kugushiwa. Utando wa kwenye kioo ni vigumu kuugushi, na historia yake inajulikana vizuri.

Kila uso wa kioo usio na utando hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Darubini ya kawaida ya prizimu ina nyuso 10 hivi kila upande kati ya lenzi ya mbele, prizimu mbili na lenzi ya jicho, kwa hiyo bila utando theluthi moja ya mwanga inapotea njiani, na sehemu yake inazagaa ndani na kuifanya picha iwe kama imefunikwa na ukungu mweupe. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss aliipatia hataza njia ya kupaka utando mwembamba wa kupunguza hasara hiyo. Ulikaa jeshini kwanza. Kwa raia ulienea baada ya vita, mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950.

Kipimo kinafanyika hivi. Kaa kivulini. Shika tochi karibu na sikio lako, mulika lenzi ya mbele kutoka pembeni kidogo, na uangalie vidoa vya mwanga vinavyorudi kutoka ndani. Kila uso unarudisha kidoa chake. Ukiisogeza darubini taratibu, vinatembea kwa kasi tofauti, vingine kushoto na vingine kulia. Hesabu rangi zake. Vyote vikiwa vyeupe kama taa yenyewe, hakuna utando popote: ama ni ya kabla ya miaka ya 1950, ama ni ya kuchezea watoto, ya bei ya chini, ya wakati wowote. Uzito na ubora wa chuma utakuambia ipi ni ipi. Vikiwa samawati au zambarau ya kupauka, ni utando wa tabaka moja, wa kawaida kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970 kwa darubini nzuri, na mpaka leo kwa za bei nafuu. Vikiwa na kijani, zambarau iliyokolea au mchanganyiko wa rangi zilizofifia sana, huo ni utando wa tabaka nyingi. Uliingia kwenye lenzi za kamera mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kwenye darubini baada ya hapo. Kwa hiyo kijani ndani ya darubini inayodaiwa kuwa ya 1958 haiwezekani.

Angalia vidoa vya ndani kuliko vya nje. Mtengenezaji wa bei nafuu alipaka uso wa nje tu, ule mnunuzi anaouona dukani, akaacha prizimu uchi. Utaona kidoa kimoja cha samawati na vingine vyote vyeupe.

Maneno yanayojisifu yana umri wake pia. "Coated Optics" iliandikwa kwa herufi kubwa wakati utando ulipokuwa jambo la kujivunia, yaani miaka ya 1950 na 1960. Baadaye kila mtu alikuwa nao, sifa ikahamia "Fully Coated" kisha "Multi-Coated". Jenoptem na nyingine za Jena za kipindi cha mwisho zina neno hilo la mwisho. Kwa darubini nyembamba zenye mirija iliyonyooka, zile za prizimu za paa, Zeiss waliongeza mwaka 1988 utando mwingine wa kusahihisha mawimbi ya mwanga, na wakauwekea alama P. Ukiona T*P* kwenye Zeiss, mpaka wa chini ni 1988.

Utando mwekundu kama wa kioo cha taa ya nyuma ya gari unahitaji kutajwa peke yake. Ni wa miaka ya 1990 kuja huku, na kazi yake ni kuvutia macho zaidi kuliko kupitisha mwanga: unaurudisha nyuma mwanga mwekundu mwingi na kuiacha picha ikiwa na rangi ya kijani-samawati. Jena hawakuutumia. Darubini yenye lenzi nyekundu iliyoandikwa "Carl Zeiss Jena Jenoptem 10x50" ni bandia, na bandia za jina hilo zimezagaa.

"Hii ilipigana hapa mwaka 1914"

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanajulikana na kila mgeni anayefika kutazama makaburi, na ukale huo umezaa biashara. Anayetaka kununua kitu cha vita hivyo anapaswa kujua kitu chenyewe kilikuwaje.

Darubini ya kijeshi ya Kijerumani ya wakati huo, Fernglas 08 kwa mfano, inakuza mara 6. Haikuzi 12, wala 20. Nguvu kubwa mkononi haikuwa na faida kwa askari wakati huo, kama isivyokuwa na faida kwa nahodha leo. Kwa hiyo darubini yenye nguvu kubwa inayouzwa kama ya 1914 tayari inajieleza vibaya. Lenzi za ile ya kweli hazina utando wowote. Vidoa vyote vya tochi vitarudi vyeupe. Skrubu zake zote ni za mfereji mmoja. Skrubu ya kichwa cha msalaba ilipata hataza Marekani katika miaka ya 1930, kwa hiyo ikionekana kwenye darubini ya 1914, fundi wa baadaye ameifungua na kuirudishia skrubu zake, au kiwanda cha bandia hakikujua. Vikombe vya macho ni vya ebonaiti, mpira mgumu mweusi unaobadilika kuwa wa kahawia-kijani ukikaa kwenye jua na hewa kwa miaka. Mpira laini wa kukunja haukuwepo.

Na kuna zile za shaba zinazong'aa, kubwa, nzuri kuwekwa mezani, zimechongwa "Kelvin & Hughes London 1917". Kampuni ya jina hilo iliundwa mwaka 1947 kwa kuungana kwa kampuni mbili. Mwaka 1917 haikuwepo. Hizo ni pambo la kisasa na zitazamwe kama pambo. Ukizipima kama chombo cha kutazamia, hazina prizimu.

Za jeshi la Uingereza za vita vya pili ni rahisi zaidi, na ni kati ya chache zenye mwaka waziwazi. Tafuta mshale mpana wa serikali, jina la kiwanda na mwaka vikiwa vimegongwa pamoja kwenye bamba. Za Kanada zimeandikwa REL, na mwaka, mara nyingi kati ya 1942 na 1945. Nyingi za Ujerumani za vita hivyo hazina jina la kiwanda, zina herufi tatu ndogo za siri: blc ni Zeiss wa Jena, beh ni Leitz wa Wetzlar. Za jeshi za baada ya hapo zina namba ya vifaa ya NATO inayoanza na 1240. Kwa za Marekani, ikiwa na tarakimu 11 ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Ikiwa na 13 ni ya baada ya hapo.

Pima nguvu yenyewe

Hili linafaa kufanywa kwa kila darubini yenye nguvu kubwa, hata kama umri haukusumbui, kwa sababu nguvu ya uongo ni tabia ya darubini za karibuni. Viwanda vya miaka ya 1960 viliandika 10x50 na ilikuwa 10x50. Kuanzia miaka ya 1990 zikaanza kuingia sokoni zenye maandishi kama 60x60 au 10-180x100 kwenye mwili unaoingia kiganjani. Maandishi hayo peke yake ni ushahidi wa umri.

Elekeza darubini kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua, na uishike kwa urefu wa mkono. Kwenye kila lenzi ya jicho utaona duara dogo la mwanga. Weka rula juu yake na upime kipenyo kwa milimita. Kisha pima kipenyo cha lenzi ya mbele, kioo peke yake bila pete. Gawanya cha mbele kwa cha nyuma. Lenzi ya milimita 50 na duara la milimita 5 ni nguvu ya 10, hata bamba liseme 30. Kwa 20x60 ya kweli duara ni milimita 3. Kwa 7x50 ni 7. Ukiwa kwenye bei, kipimo hiki ndicho kinachonyamazisha kelele haraka zaidi.

Duara hilohilo linasema jambo la pili. Likiwa la mviringo safi, prizimu ni za kioo kizito cha BaK4 na zina upana wa kutosha. Likiwa na pembe nne, kama almasi yenye kingo za kijivu, prizimu ni za BK7. Darubini nyingi nafuu za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 ni za namna hii na bado zinafanya kazi nzuri. Likiwa limekatwa upande mmoja kama mwezi mchanga, prizimu imehama mahali pake.

Vitu vinavyodanganya kuhusu umri

Kuvu ndiyo inayowapotosha watu wengi zaidi mwambao. Utando kama wa buibui ndani ya lenzi unafanya darubini ionekane ya babu, kumbe ni ya miaka mitatu iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi msimu mmoja wa masika. Kuvu inaonyesha unyevu, haionyeshi mwaka. Unga mweupe kwenye aluminiamu ni kutu yake inayoletwa na chumvi ya bahari. Ukijani kwenye pete za shaba ni kutu inayoletwa na chumvi na jasho. Mpira unaonata mkononi ni plastiki laini ya miaka ya 1980 kuja huku iliyoharibiwa na joto na unyevu, kwa hiyo ule mnato, ambao watu huuchukulia kuwa ukale, ni dalili ya upya kiasi. Mafuta yaliyotambaa juu ya lenzi za ndani ni grisi iliyoyeyuka, darubini ikiwa imeachwa ndani ya gari juani.

Mkoba usiutegemee. Mkoba wa ngozi ulioshonwa kwa uzi mnene ni wa kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida, wa naylon ni wa baadaye, lakini mikoba hubadilishana. Ukaribishe ushahidi wake pale tu unapokubaliana na chuma.

Gundi ya lenzi ni ushahidi mzuri zaidi. Lenzi ya mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa. Za zamani ziligandishwa kwa utomvu wa mti wa Kanada wa jamii ya msonobari, ambao ukizeeka huwa wa njano na kuachia ukingoni, ukifanya umbo la jani lenye rangi za upinde wa mvua. Gundi za viwandani zilichukua nafasi hiyo baada ya vita. Ukingo wa namna hiyo unaunga mkono umri mkubwa. Pia unashusha bei, maana kugandisha upya lenzi ni kazi ya fundi bingwa.

Za gharama kubwa zinazoachwa na wageni

Waongoza ndege wa Amani na wa Usambara ya Mashariki kwa jumla hukutana na mitumba ya aina nyingine: Swarovski au Zeiss iliyouzwa au kuachwa na mgeni. Kwa Swarovski hesabu ni rahisi. Namba yake inaanza na herufi moja, kisha tarakimu. Chukua tarakimu mbili za mwanzo, ongeza 30. Namba inayoanza na A6144: 61 na 30 ni 91, yaani 1991, na 44 ni wiki ya mwaka huo. D7236: 72 na 30 ni 102, yaani 2002, wiki ya 36. Halafu linganisha na jina la modeli. Zile za EL, zenye mhimili uliogawanyika katikati vidole vipite, zilitoka mwaka 1999; EL yenye namba inayotoa 1994 ina sehemu isiyo yake. Namba iliyokwanguliwa kabisa ni sababu ya kuirudisha mezani, bei iwe nzuri namna gani.

Umri na mstari wa macho mawili

Darubini ya nguvu kubwa ikipotoka kidogo tu, kupotoka huko kunakuzwa mara 16 au 20 pamoja na picha, na kichwa kinauma baada ya dakika chache. Tazama kitu kilichonyooka kilicho mbali, mlingoti wa simu au mstari wa upeo wa bahari. Ukiwa umetulia, isogeze darubini taratibu mbele, mbali na macho yako, kwa sentimita 10 hivi huku ukiendelea kutazama. Upeo wa bahari ukionekana ngazi mbili, moja juu ya nyingine, mirija haitazami sehemu moja. Kosa la juu-chini ndilo baya. Macho yana uwezo mdogo sana wa kulirekebisha.

Hapo ndipo umri unapoamua kama ununue au uache. Darubini za Jena, za Kisovyeti na nyingi za Kijapani za zamani zina lenzi ya mbele iliyokaa ndani ya pete mbili zilizotobolewa nje kidogo ya katikati. Fundi akifungua pete ya nje na kuzizungusha hizo mbili, moja dhidi ya nyingine, kitovu cha lenzi kinahama sehemu ya milimita upande anaoutaka, na mirija inarudi kwenye mstari bila prizimu kuguswa. Nyingi za bei nafuu za miaka ya karibuni hazina pete hizo. Zina skrubu ndogo chini ya mpira zinazosukuma prizimu moja kwa moja, na mara nyingi mpira umegandishwa, hivyo kuufikia ni kuupasua. Nyingine zimegandishwa prizimu kwa gundi tu, na zikianguka sakafuni hazirudi.

Mwambie fundi kabla hajagusa chochote aweke alama kwa penseli kali kwenye kila pete na kwenye ukingo wa prizimu, aanze na pete za mbele, na asiifungue nyumba ya prizimu mpaka awe na hakika kwamba prizimu yenyewe imetoka kwenye kitanda chake. Kwenye 20x60 ya Kirusi kitanda hicho ni cha chuma kilichochongwa na prizimu imefungwa kwa ukanda wa springi. Ukanda ukikazwa zaidi ya ulivyokuwa, kioo cha prizimu kinamegeka pembeni, na prizimu ya akiba ya 1984 itabidi itoke kwenye darubini nyingine ya namna hiyohiyo.